Mlilia Tangi wa Engutoto

Arusha hii, shule ikipatwa na shida haikimbilii kwa mtu wa kuitatua. Inaandaa mahafali. Inakodi turubai na viti vya plastiki, inapika pilau, inamwalika mgeni rasmi, kisha inamtafuta mwanafunzi mwenye sauti ya kumsomea mgeni huyo risala. Na risala ina mpangilio wake ambao haubadiliki hata mgeni akiwa malaika: salamu na itifaki, historia fupi ya shule, mafanikio, changamoto, maombi, halafu mgeni anatakiwa safari njema ya kurudi kwake. Mafanikio husomwa mbiombio kwa sababu hayaleti kitu. Changamoto ndizo husomwa polepole.

Katika sanaa hiyo ya changamoto, mji ulikuwa haujapata kumwona mtu kama Rukaiya Khalfani, mwanafunzi wa kidato cha tano katika shule moja ya kata huko Engutoto, ambayo nitaisitiri jina kwa kuwa ina aibu za kuitosha. Binti mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, mwenye macho makubwa yaliyoonekana kulengwalengwa na machozi hata alipokuwa anacheka. Sauti aliipata madrasa, kwao Ngarenaro, ambako kila Maulidi yeye ndiye aliyeachiwa kasida ya mwisho, ile ya kuwafanya akina mama watafute vitambaa mikobani. Alijua pa kuvuta pumzi. Alijua pia kwamba mtu akifika kwenye changamoto, akameza mate, akautazama Mlima Meru kana kwamba msaada umekwama huko juu, hakuna mgeni rasmi atakayeendelea kuegemea kiti chake.

Aliyekigundua kipaji hicho ni Mwalimu Fanuel, msimamizi wa shughuli za nje ya darasa. Mwalimu Fanuel alikuwa na imani kwamba darasani mtoto anajifunza kufaulu, lakini nje ya darasa anajifunza kuishi, na shule yake ilikuwa na klabu za kuthibitisha hayo. Klabu ya mazingira ilikuwa na mti mmoja, ambao kila mgeni aliyefika aliupanda upya. Skauti kazi yao kubwa ilikuwa kuwavisha wageni skafu. Klabu ya kupinga rushwa ilikuwa na mwenyekiti aliyechaguliwa kwa maandazi. Na baada ya kumsikia Rukaiya siku ya wazazi, Mwalimu Fanuel alianzisha klabu ya risala, yenye mwanachama mmoja.

Alimfundisha mengi, na moja la msingi. Binti alikuwa ameandika katika risala yake ya kwanza kwamba shule inaomba kuvutiwa maji, maana bomba kuu lilipita barabarani chini ya kilima na kilichohitajika ni mtaro na mabomba ya kupandisha juu. Mwalimu Fanuel aliusoma mstari huo akatikisa kichwa kwa huruma.

"Bomba linafukiwa ardhini, Rukaiya," alimwambia. "Nani atapiga picha na kitu kilichofukiwa? Omba tangi."

Basi ikawa tangi. Rukaiya hakubisha, kwanza kwa sababu mwalimu habishiwi, pili kwa sababu alipolitamka lile neno kwa kituo, lilivuma vizuri kinywani.

Msimu wa mahafali ulipofika, sifa za binti zilikuwa zimeshaingia katika magrupu ya walimu ya WhatsApp, na shule nyingine zikaanza kumwomba. Wasomaji wao walikuwa wanababaika, wengine walisoma risala kwa kasi ya mnadani, na mmoja alizimia kabla hajamaliza itifaki. Mwalimu Fanuel akawa anamwazimisha Rukaiya kama mtu anavyoazimisha spika za muziki, na malipo yalikuja kwa njia zake: mguu wa mbuzi kwa mwalimu, na kwa binti sahani ya pilau iliyofunikwa vizuri pamoja na sifa. Palikuwa na kikwazo kimoja tu. Mtu hawezi kusimama mbele ya mgeni rasmi akasema "sisi wanafunzi wa shule hii" akiwa amevaa sare ya shule nyingine.

Hapo ndipo bahati ilipomwangukia Mwalimu Fanuel kama embe bivu, kwani mama yake Rukaiya, Bi Zakia, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Kwenye kibaraza chake zilining'inia sketi za kijani za Sombetini, sweta za bluu za Kisongo, na mashati ya kila rangi ambayo bodi za shule zimewahi kuigombania. Rukaiya alikuwa anachagua moja Ijumaa jioni, anaipiga pasi, na Jumamosi anakuwa mtoto wa shule nyingine. Jumapili anairudisha kwenye kamba. Bi Zakia aliambiwa kwamba ni mambo ya maigizo, na kwa kweli hakudanganywa sana.

Sombetini ndiko alikoanza. Alivaa sketi ya kijani, akasimama, akafika kwenye changamoto, akautazama mlima. Wazazi walilia. Mgeni rasmi, Ndugu Godwin Sumari, alitoa kitambaa. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi na, kwa maneno yake mwenyewe, mdau wa elimu. Kwa maneno ya watu wengine alikuwa anaunyemelea udiwani. Alipojibu risala alisema kilio cha watoto alikisikia kabla hakijaliliwa, akanyoosha mkono getini, na lori dogo likaingia likiwa limebeba tangi jeusi, kubwa, limefungwa utepe mwekundu tumboni kama bibi harusi. Utepe ukakatwa. Picha zikapigwa mpaka watu wakachoka kutabasamu. Kisha Ndugu Sumari akasema kwamba tangi halikai chini, linahitaji msingi wa mawe, kwa hiyo atalihifadhi yeye hadi shule ijenge msingi. Lori likaondoka nalo, na watu wakalipungia mkono.

Rukaiya alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyefanya jambo. Watoto wa Sombetini wangepata maji kwa sababu ya koo lake. Alimweleza mama yake, alimweleza rafiki yake Silantoi, na usiku aliwaza kwamba huenda akawa mtangazaji, au mbunge.

Kisongo alikwenda na sweta ya bluu. Mgeni rasmi alikuwa yuleyule, na Rukaiya aliinamisha uso kidogo, lakini alisoma, na wazazi walilia. Lori likaingia. Tangi jeusi, utepe mwekundu. Na Rukaiya, mtoto wa fundi cherehani, aliyezaliwa na kukulia kando ya pasi ya mkaa, akaona upande wa chini wa tangi kovu lililobabuka, lenye ncha mbele na upana nyuma, sawasawa na mahali pasi inapowekwa ikasahauliwa juu ya kitambaa. Alikuwa ameliona Sombetini akidhani ni kivuli. Tangi lilikuwa lilelile, limekuja kufunguliwa tena.

Moshono, akiwa ndani ya shati la rangi ya maziwa, aliliona kwa mara ya tatu. Na alipoitwa mbele kupeana mkono na mgeni rasmi, Ndugu Sumari aliinama akasema kwa sauti ya chini, akitabasamia kamera:

"Hujambo, binti. Naona mwaka huu unasoma kila mahali."

"Shikamoo," alisema Rukaiya.

"Marahaba. Unalia vizuri. Tuendelee hivyohivyo, mimi na wewe."

Hapo mkataba ukawa umefungwa bila wino. Yeye hatasema juu ya sare, binti hatasema juu ya tangi. Nami sitaki kumwonea Rukaiya, lakini ukweli ni kwamba alikubali. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na la kwake la kuficha, limeshonwa na mama yake mwenyewe. Alijiambia kwamba hao walikuwa watoto wa shule nyingine, na kwamba kusoma risala siyo kudanganya, ni kusoma.

Pengine angeendelea hivyo mpaka amalize kidato cha sita na cheti cha uongozi bora. Kilichomzuia ni mkono wa Silantoi.

Silantoi alikuwa anatoka upande wa magharibi wa mlima, mtoto wa wafugaji, anakaa hosteli ya wasichana pale shuleni Engutoto. Wasichana wa hosteli ndio waliokuwa maji ya shule. Kila asubuhi kabla ya paredi walishuka korongoni hadi kijitoni, wakapanda na ndoo kichwani kwa njia ya udongo uliolainika, ili jikoni kupikwe, vyoo vioshwe na walimu wanywe chai. Silantoi alikuwa akiteka maji tangu utotoni na alijua kutembea, lakini mvua ilikuwa imenyesha. Aliteleza pale penye mzizi, ndoo ikaenda zake, naye akaangukia mkono. Mfupa ulivunjika juu ya kiwiko. Siku ya mtihani wa katikati ya muhula wenzake waliandika, yeye alikaa na bandeji shingoni akijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, na alichoandika kilifanana na nyayo za kuku.

Rukaiya alikaa naye, akaona haya. Hakuwa amewahi kuona haya namna ile. Alikuwa amemlilia kila mtu isipokuwa huyu aliyekuwa anashiriki naye dawati. Akaapa kwamba kwenye mahafali ya shule yake mwenyewe atasoma kama hajawahi kusoma, na tangi litakuja, litakaa, na Silantoi hatashuka tena korongoni. Ni kitu hicho tu alichokitaka.

Kisha Mwalimu Fanuel akatangaza mgeni rasmi. Mnamjua.

Rukaiya alimfuata mwalimu ofisini akamsihi aalikwe mtu mwingine, yeyote, hata mwenyekiti wa mtaa. Mwalimu alishangaa. Alisema Ndugu Sumari ndiye mtoaji mkubwa kuliko wote, ametoa matangi Sombetini, Kisongo na Moshono, na picha zipo. Binti aliona mlango umefungwa kwa nje. Kusema tangi ni moja ilikuwa ni kusema yeye alikuwepo kila mahali, ingawa aliyempeleka kila mahali alikuwa ameketi mbele yake akichokonoa meno.

Jioni ile alimweleza mama yake yote. Bi Zakia hakusimamisha cherehani. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Nami nimekushonea nikidhani ni maigizo."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Jumamosi vaa ya kwako. Mengine utayajua ukishaivaa."

Siku ya mahafali, Engutoto kulipambwa. Turubai lilisimama, keki ililetwa ikiwa na umbo la kitabu, skauti walimvisha Ndugu Sumari skafu, na mgeni akaupanda mti wa klabu ya mazingira, ambao kwa sasa ulikuwa umezoea. Nje ya geti lori lilisubiri. Rukaiya alisimama na sare yake halisi, sketi ya kahawia iliyofifia na shati lenye kiraka kwenye kola, akaiona sura ya Ndugu Sumari ikichangamka kama ya mtu aliyemwona mwenzake wa kazi.

Alisoma itifaki. Akasoma historia fupi. Akasoma mafanikio, ambayo yalikwisha haraka. Alipofika kwenye changamoto alimeza mate, akautazama mlima, na machozi hayakuja. Aliyatafuta pale anapoyaweka siku zote, hakuyakuta. Sauti yake ilitoka kavu, ya kawaida, sauti ya mtu anayeagiza vitunguu. Mwalimu Fanuel, pembeni, alimwonyesha kwa kidole ashike kitambaa.

Mbele kabisa alikaa Silantoi na bandeji yake. Rukaiya aliikunja karatasi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema, "tangi lililo getini nalijua. Lina kovu chini, kama limewekewa pasi. Nimelililia Sombetini, nimelililia Kisongo, nimelililia Moshono, na kote huko nilivaa sare isiyo yangu na nikasema uongo. Wewe na mimi tumezunguka nalo. Sare ya leo ni yangu. Ombi letu ni moja. Gari liondoke, tangi libaki."

 Kisha mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwingine Sombetini akasimama akasema kwamba huko msingi wa mawe ulishajengwa zamani na sasa mbuzi wanaupanda. Wazazi wakaanza kutoka turubaini, mmoja mmoja, bila kuaga, kama watu wanaokwenda kumtazama ng'ombe kabla ya kumnunua. Walilizunguka lori. Walilikuta kovu. Waliligusa.

Ndugu Sumari alikuwa mtu mzima wa siasa, na mtu wa siasa ukimsukuma mtoni hutoka na samaki. Alisimama akacheka kwa nguvu, akasema binti ana kipaji kikubwa, kwamba haya ndiyo mambo ya uwazi anayoyapigania, na kwamba yeye tangu awali alikuja Engutoto kuliacha tangi. Wazazi hawakumsubiri amalize. Walilishusha wenyewe kwa mikono, wakaimba, wakaliviringisha hadi nyuma ya jiko. Ndugu Sumari akapiga nalo picha. Akala na pilau, akajaziwa sahani mara mbili. Watoto wa shule zile tatu nyingine hawakukumbukwa na mtu siku ile, hata na Rukaiya.

Maana Rukaiya alikuwa amebebwa juu juu na wasichana wa hosteli. Silantoi alikuwa anacheka huku akiushika mkono wake usigongwe. Jioni ile binti aliamini kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti ya kutosha, unamaliza kazi.

Jumatatu aliitwa kwenye kamati ya nidhamu. Kosa lake lilikuwa kuvaa sare za shule ambako hakusajiliwa, na kuidhalilisha shule mbele ya mgeni rasmi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Fanuel. Alionyesha masikitiko makubwa, akauliza ni nani hasa aliyemfundisha binti mdogo tabia ya namna ile. Rukaiya alimtazama, akaendelea kumtazama. Mwalimu Fanuel akasema kwamba swali hilo halikuwa lazima lijibiwe. Klabu ya risala ilivunjwa, na mwanachama wake akapewa adhabu ya kuchota maji hadi mwisho wa muhula.

Wazazi wakati huo walikuwa wamejenga msingi. Waliujenga kwa mawe ya mlimani, mrefu, imara, maana walitaka uonekane kutoka barabarani. Tangi likapandishwa juu kwa kamba. Likakaa kule kama mfalme, jeusi, linang'aa, kovu likielekezwa ukutani. Lilikuwa tupu. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma kila upepo uliposhuka Meru. Bomba kuu liliendelea kupita barabarani chini ya kilima, chini ya ardhi, na hakuna aliyechimba mtaro. Tangi lisilo na maji, hata hivyo, lilikuwa aibu kwa shule iliyokwisha kupigwa picha, kwa hiyo Mwalimu Fanuel akatoa amri kwamba lijazwe.

Basi wasichana wa hosteli wakashuka korongoni kama zamani. Zamani walikuwa wanapanda na ndoo, wanaimimina jikoni, wamemaliza. Sasa walipanda na ndoo, wakapanda na ngazi, wakamimina juu, wakashuka, kisha mpishi akafungua koki chini akakinga maji yaleyale. Mikono iliuma zaidi ya mwanzo. Ila maji yalitoka kwenye koki, na hilo likaingia katika mafanikio ya shule.

Mkono wa Silantoi ulipona, naye akarudi kwenye mstari. Asubuhi moja, siku ambayo shule ilikuwa na mgeni mwingine, mfadhili aliyeletwa kuoneshwa maendeleo, wawili hao walikuwa kwenye ngazi, Rukaiya juu, Silantoi chini yake akimpandishia ndoo. Silantoi hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Ruki, hivi kwenye zile risala zote, uliwahi kuomba maji?"

Rukaiya alisimama na ndoo mikononi. Alizirudia zote kichwani, maana alizijua kwa moyo: ya Sombetini, ya Kisongo, ya Moshono, na ile ya mwisho, ya ukweli, aliyoisema bila karatasi mbele ya watu wote. Alitafuta mstari mmoja tu. Alikumbuka ule wa kwanza kabisa, uliohusu mtaro na mabomba, alioufuta kwa mkono wake kwa sababu bomba lililofukiwa halipigiki picha.

"Hapana," alisema. "Niliomba tangi."

Silantoi alitikisa kichwa, akampa ndoo nyingine. Chini yao Mwalimu Fanuel alikuwa amemfikisha mgeni mbele ya koki. Mgeni akaifungua, maji yakatoka, watu wakapiga makofi, na kule juu Rukaiya akaharakisha kumimina ili makofi yasikatike.